Barabara ya Lavenda

Mke wangu Esteri ameishi nami miaka thelathini na minane, na kazi yake kubwa katika miaka yote hiyo imekuwa kuufuata uongo wangu nyuma nyuma, akiutengeneza uwe kweli kabla watu hawajafika kuukagua. Niliwahi kuwaambia wenzangu kambini, enzi hizo tunachonga barabara, kwamba mke wangu anapika maharage yasiyojaza tumbo gesi. Jumapili wakaja kumi na wawili. Sijui aliyafanya nini maharage yale, na mpaka leo hajaniambia, lakini wanaume kumi na wawili walikaa sebuleni kwangu tangu saa saba mchana hadi jua linazama, kwa heshima kamili, na hakuna aliyeomba ruhusa kutoka nje.

Basi mwanamke wa namna hiyo nisipomsimulia mimi, atasimuliwa na nani?

Mimi nilikuwa dereva wa greda. Miaka thelathini na mmoja nimeikwangua barabara ya Kasulu na Kibondo. Nilipoanza ilikuwa safari ya kutwa nzima. Nilipostaafu ilikuwa ya saa chache tu, na sababu yake ni kwamba kila mwaka nilikuwa naikwangua kidogo huku mwisho na kidogo kule mwanzo. Watu wanasema imefupishwa na lami. Waacheni waseme, lami imekuja juzi.

Tunakaa Kibondo, pembeni ya mji, kwenye kiwanja chenye migomba, mihogo kidogo, na ua wa nyuma ambao Esteri ndiye serikali yake. Binti yetu Ange anafanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Arusha. Krismasi ya mwaka juzi alikuja na miche mitano midogo ndani ya chupa ya maji iliyokatwa shingo. Majani yake membamba, rangi ya kijivu kama yamepakwa vumbi la unga. Ukiyafikicha vidoleni, mkono unanukia mpaka kesho.

"Mama, hii ni lavenda," Ange akasema. "Lavenda ya Kiingereza. Wazungu wanaiweka kwenye nguo, kwenye mito, wengine wanaichemsha wakanywa wakalala."

"Ravanda," Esteri akasema, kwa ulimi wake wa Mabamba, kule mpakani, ambao herufi ya ele haujawahi kuipenda.

"Lavenda, mama."

"Si ndiyo nimesema. Ravanda."

Ange akarudi Arusha, na Esteri akaipanda miche ile kama tunavyompokea mgeni kwetu. Huku mmea ukitaka kuuonyesha kuwa unaupenda, unauchimbia shimo la kwenda chini, unaujazia samadi ya mbuzi, unauweka karibu na migomba upate ubaridi, halafu unaufunika shina kwa majani makavu ya migomba tabaka tatu, kama kahawa. Miche minne ilipata heshima hiyo. Wa tano ulikuwa dhaifu, umevunjika tawi njiani, Esteri akauchomeka tu kwenye kifusi kilichobaki tulipojenga choo, akasema ukifa usilalamike.

Mwezi wa kwanza mvua zikiwa katikati, nikaenda Kasulu kununua bawaba za mlango. Dukani kwa Mwanahawa. Mwanahawa ana duka la nguo na vyombo vya ndani, na bawaba anazo kwenye boksi chini ya kaunta kwa ajili ya watu anaowajua. Ananiita shemeji, na nitaeleza kwa nini.

"Karibu, shemeji. Leo umetuletea uongo gani?"

"Leo sina. Nimeusahau kwenye basi."

"Basi kondakta ameshautumia." Akanitafutia bawaba huku anazungumza. "Shadia anaolewa, umesikia? Mwakani mwezi wa saba, kijana akimaliza chuo. Sanduku lake nimeshaanza kulijaza. Kinachonisumbua ni lavani."

"Lavani?"

"Marehemu mama alikuwa hafungi sanduku la nguo bila lavani. Ukifungua, nyumba nzima inajua sanduku limefunguliwa. Nimeuliza mpaka Ujiji. Wananiletea manukato ya kupuliza, yananuka kama kiti cha gari jipya."

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili angechukua bawaba zake akaenda. Lakini mdomo wangu una injini yake peke yake, na breki zake ziliisha zamani.

"Lavani si ndiyo lavenda," nikasema. "Mbona ipo kwangu."

"Chupa?"

"Chupa ya nini, shemeji? Mimi nakwambia mmea. Dada yako Esteri anailima uani. Ukipita barabarani unaisikia kabla hujaona nyumba."

Mwanahawa akaacha kutafuta bawaba. "Anaweza kunipa kiasi gani?"

Nilitaka kusema kidogo. Naapa nilitaka kusema kidogo. Nikasema, "Gunia."

"Gunia zima?"

"La kwanza. La pili bado hatujalijaza."

Akaweka mkono shavuni, na machozi yakaanza kumlengalenga, jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa mwanamke anayewakatalia wateja wa mkopo tangu saa mbili asubuhi. "Basi nguo za mwanangu zitanukia kama za mama," akasema. "Mwambie dada Esteri aje mwenyewe kuipanga sandukuni kwa mkono wake. Mama angefurahi awe yeye na si mwingine."

Safari ya kurudi Kibondo ilikuwa ndefu kuliko siku zote nilizoichonga.

Nieleze sasa. Mama yake Mwanahawa aliitwa Bibi Siti. Esteri alizaliwa ng'ambo, Burundi, akavushwa mpakani akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Mabamba. Akiwa na miaka kumi na minne alishuka Kasulu kutafuta kazi, gauni moja mwilini na Kiswahili cha maneno kama ishirini, nusu yake salamu. Bibi Siti akamchukua. Hakumweka jikoni, alimweka kwenye cherehani. Na siku ya kwanza alifungua sanduku lake, akatoa khanga pea moja, akamwambia, hii ni yako, na ukimaliza kuivaa hii, nguo zipo. Esteri aliwahi kuniambia kuwa ile khanga hakuivaa mwezi mzima. Alikuwa analala ameifunika puani, kwa ile harufu. Hakuwahi kumiliki kitu kinachonukia. Mwanahawa wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa, na aliyembeba ni Esteri. Ndiyo maana mimi ni shemeji.

Na kwa watu hao ndio nilikwenda kuahidi gunia.

Nilimkuta Esteri anachambua maharage kwenye ungo. Nikamweleza yote, pole pole, nikianzia kwenye bawaba.

"Gunia," akasema.

"Ego," nikasema, yaani ndiyo, kwa lugha ya kwao.

"La kilo ngapi?"

"Kilo sikutaja."

"Afadhali ulibakiza hapo." Akaweka ungo chini, akasimama, akaenda uani, nikamfuata. Chini ya migomba, kati ya miche minne, miwili ilikuwa imekauka mpaka kwenye shina. Wa tatu ulikuwa umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Wa nne ulikuwa kijani upande mmoja tu.

"Urabesha, Melkiadi," akasema. Kwao neno hilo maana yake unadanganya, na huwa ananiambia akicheka. Safari hii hakucheka. "Umedanganya mpaka kwa Bibi Siti."

"Bibi Siti alishafariki."

"Ndiyo maana. Hawezi hata kunisamehe."

Nikachukua bawaba zangu nikaenda kuzifunga mlangoni.

Kufika mwisho wa mwezi yote minne ilikuwa imekufa. Mtu mwingine angepiga simu Kasulu akasema mbuzi wamekula. Mimi nilipendekeza hivyo hivyo, tena nikampa na jina la mbuzi. Esteri aliing'oa miche, mmoja mmoja, akaiosha mizizi kwenye karai, akaipanga juu ya jiwe, akakaa mbele yake kama hakimu. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka kama maji ya chombo cha maua kilichosahauliwa wiki mbili. Halafu akaenda kwenye kifusi cha choo. Ule mche wa tano, tuliouchomeka kwenye mawe na vipande vya matofali bila samadi, bila jani la mgomba, bila hata kuuambia karibu, ulikuwa umesimama wima, umechipua matawi mapya sita.

Alichuchumaa pale muda mrefu.

"Baba Ange," akaniita mwisho. "Barabara inauawa na nini?"

"Maji," nikasema. "Si magari. Watu wanadhani ni malori. Ni maji yakikaa."

"Na mlikuwa mnafanyaje?"

Hilo nilijibu kwa nusu saa. Nilimweleza kwamba barabara lazima iwe na mgongo, katikati juu na pembeni chini, maji yakianguka yasipate pa kukaa. Nikamweleza mitaro. Nikamweleza moramu, ule udongo wa changarawe tuliokuwa tunaumwaga juu, na kwamba udongo wetu mwekundu ukiuacha peke yake unashika maji kama mtoto anavyoshika pipi. Nilikuwa nimefika kwenye mkasa wa chatu aliyeipenda greda yangu pale Muyama, akaifuata kilomita tisa akidhani ni jike, Esteri akanikatiza.

"Inatosha. Nijengee barabara."

"Barabara?"

"Fupi. Kutoka kwenye choo mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Yenye mgongo. Hawa wengine tumewaua kwa mapenzi. Huu tuliouonea ndio mzima. Ravanda haitaki kupendwa, inataka kuachwa pakavu."

Nikiri hapa kwamba nimechonga barabara zikapitiwa na mawaziri, lakini sijawahi kuchonga barabara kwa ari ile. Jembe, sururu, kamba na vijiti. Mita kumi na moja. Nikachota changarawe kwenye mkondo wa maji nyuma ya kanisa, nikabeba kwa toroli siku tisa. Esteri akapondaponda maganda ya mayai, akachanganya na jivu la jikoni na chokaa iliyobaki tulipopaka ukuta, kwa sababu Ange alimwambia kwenye simu kwamba mmea huu haupendi udongo mchachu, na udongo wetu ni mchachu kweli.

Jirani yetu Harerimana, anayelima nanasi na kuangalia mambo ya watu, alikuja akaegemea ua.

"Mwakeye, mzee," akanisalimu. "Greda si uliirudisha?"

"Niliirudisha."

"Naona ugonjwa wake umebaki nao."

"Pita, Harerimana, hii barabara bado haijafunguliwa."

"Inaelekea wapi?"

"Kasulu," Esteri akasema, na hakuinua kichwa.

Vipandikizi akavichukua mwenyewe. Kutoka kwenye ule mche mmoja alikata vitawi kumi na viwili, urefu wa kidole, vya mwaka ule, visivyoanza kuwa mti. Akavipukutisha majani ya chini, akavichomeka kwenye kopo la mchanga mtupu, akaviweka chini ya upenu pasipofika mvua. Akaninyima kuvimwagilia. Kila nilipopita na kikombe aliniuliza nakwenda wapi na hicho kikombe. Baada ya wiki kama saba alikivuta kimoja taratibu, kikakataa kutoka, naye akatabasamu kama mtu aliyeshikwa mkono chini ya meza. Vitatu vilioza. Tisa vikashika.

Akaipanda miche tisa juu ya mgongo wa barabara yangu, bibi yao akabaki pale kwenye kifusi. Na mimi nilikuwa nimeahidi gunia.

Mwaka ule wa kwanza vilipotoa vichwa vya maua, Esteri alivikata vyote kabla havijafunguka. Nilitaka kulia. "Vijenge matawi kwanza," akasema. "Sina haja ya maua mawili mwaka huu, nina haja ya mengi mwakani." Mvua za pili zikaja, na zile zilikuwa mvua kweli. Siku moja mchana ilinyesha mpaka Harerimana akapoteza tuta zima la nanasi, likahamia kwa mtu mwingine. Nikatoka na mwavuli kuangalia. Maji yalikuwa yanaanguka kwenye mgongo wa barabara yangu, yanagawanyika kushoto na kulia, yanaingia mtaroni, yanakwenda zake. Miche tisa imesimama imelowa, haina wasiwasi, kama wanafunzi kwenye paredi. Nikageuka nikamwona Esteri mlangoni. Aliniinulia kidole gumba. Katika maisha yangu nimepewa cheti cha utumishi bora na saa ya ukutani, na vyote viwili ningevitoa kwa kile kidole.

Mwezi wa sita, baridi ya kiangazi ikiwa imeshika, barabara ikachanua. Rangi ya zambarau mita kumi na moja. Nyuki walikuja wengi. Nina hakika kabisa wengine walitoka Burundi, maana walikuwa wanapumzika kwanza juu ya paa kabla ya kushuka, kama watu waliotoka mbali, na hakuna aliyewaomba kibali. Mbuzi wetu dume, ambaye kwa kawaida unamtambua kwa harufu ukiwa bado uko sokoni, alipita mara moja tu kati ya miche ile, na wiki nzima majike wakawa hawamjui.

Esteri alikata shada la kwanza, akalipeleka puani, akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe?" nikamuuliza. "Ile ya khanga?"

"Inanukia vizuri," akasema.

Mimi mtaalamu wa kukwepa maswali nilipaswa kulisikia lile jibu. Sikulisikia.

Alikuwa anakata asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali, kila kichwa kikiwa kimefungua maua ya chini tu. Akafunga mafungu kwa uzi, akayaning'iniza vichwa chini kwenye chumba cha Ange, giza na pakavu. Nyumba ikanukia mpaka ukilala unaota umevaa suti. Yalipokauka akayapukutisha kwenye ungo, akashona vifuko vya mapande ya vitenge, vidogo kama kiganja. Vilijaa kumi na vinne, na ungo ukabaki mtupu.

Nikaviangalia. Vyote pamoja visingejaza kofia yangu.

"Tunaweza kuchanganya," nikasema kwa sauti ya chini. "Mchaichai ukikauka nao unanukia. Tukichanganya na majani makavu kidogo, gunia linaweza kusimama."

Esteri alikuwa anakata uzi kwa meno. "Hapana. Maharage nilikutengenezea. Yale mambo ya kwamba baba yangu ana ng'ombe arobaini nilikutengenezea, nikaazima ng'ombe kijiji kizima siku wazee wenu walipokuja. Uongo huu sitautengeneza. Nitakwenda nao kama ulivyo, nitausema."

"Utasema nini?"

"Kwamba mume wangu ni mwongo na hivi ni vifuko kumi na vinne."

Tukaenda Kasulu siku tatu kabla ya harusi. Esteri alikaa dirishani, kikapu mapajani. Mimi nilijaribu kumwonyesha mahali pa yule chatu, akaniambia kwa upole ninyamaze.

Nyumba ya Mwanahawa ilikuwa imejaa wanawake, pilau ya majaribio, watoto, mashuka ya kuazimwa. Esteri akaingizwa chumbani kwenye sanduku. Mimi nikawekwa barazani kwenye benchi pamoja na mume wa Mwanahawa, Abdalah, mtu mpole anayeuza mabati, na wanaume wengine wawili wa mtaani. Dirisha la chumba lilikuwa nyuma ya kichwa changu, limefunikwa pazia tu. Nilisikia kila kitu.

"Dada, mizigo mingine iko kwenye gari?" Ilikuwa sauti ya Mwanahawa.

"Hakuna mizigo mingine," Esteri akasema. "Mdogo wangu, gunia hakuna na halijawahi kuwepo. Siku shemeji yako anakuahidi, tulikuwa na miche mitano na minne ilikuwa inakufa. Hivi vifuko kumi na vinne ndivyo vyote vilivyotoka. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

Mwanahawa akacheka.

"Dada Esteri, mimi niko dukani miaka ishirini na tano. Shemeji akisema gunia, mimi nasikia kikombe. Hapa umeniletea zaidi ya nilivyotarajia. Hebu nipe." Nikasikia kifuko kinafikichwa. Nikasikia anakinusa, mara mbili.

"Siyo," Mwanahawa akasema taratibu. "Dada, siyo. Lavani ya mama haikuwa hii."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua tangu ua la kwanza. Ile khanga nimelala nayo mwezi mzima, nitaisahauje? Nafikiri mama yako kila kitu kinachonukia alikiita lavani."

"Hata sabuni," Mwanahawa akasema. "Hata ubani. Nimesahau kabisa. Alikuwa anasema, leteni lavani nioge. Sasa kama ulijua, dada, umehangaika nini? Ungepiga simu tu."

Nilifikiri atanitaja mimi. Nilistahili.

"Siku mama yako ananipa khanga, mimi sikuwa na kitu," akasema. "Nimeishi miaka arobaini na kitu natafuta kitu cha kuleta katika nyumba hii ambacho nyinyi hamna. Nyinyi mna duka, mna kila kitu. Hiki hamna. Nikasema, hata kama siyo chenyewe, nakileta. Kama hukitaki sandukuni sitakasirika. Nitarudi nacho."

Barazani, Abdalah alikuwa ameshika kikombe cha kahawa katikati ya njia.

Ndipo Shadia akasema. Ni msichana mwenye sauti nyembamba, nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno zaidi ya shikamoo. "Mama, lavani ya bibi ilikuwa ya bibi. Mimi bibi sikumkuta. Nikifungua sanduku nikasikia harufu yake nitamkumbuka nani? Hii nitajua nani ameileta." Kisha akamwuliza Esteri, "Mama mkubwa, inawekwa wapi? Juu ya nguo au katikati?"

"Katikati," Esteri akasema. "Kimoja kila baada ya nguo mbili. Usiweke chini kabisa, itapata unyevu. Na kila mwaka uifikiche kidogo kwa vidole, inaamka tena. Na nondo hawaipendi."

"Hebu tuanze."

Nikasikia sanduku linafunguliwa, kifuniko kikagonga ukuta.

Abdalah akanywa kahawa yake, akafuta mdomo, akanigeukia. "Mzee Melkiadi, huo mmea huko kwako upo mwingi?"

"Miche tisa," nikasema. "Na bibi yao, kumi."

"Mia tisa?"

"Tisa. Hivi." Nikamwonyesha vidole.

Akawatazama wenzake, wakatazamana, mmoja akatikisa kichwa. "Anaficha," akasema Abdalah kwa heshima. "Mtu akishaanza kupata faida anaficha. Si vibaya, mzee. Biashara ni siri."

"Nawaambia ni tisa. Mita kumi na moja."

"Eka kumi na moja," mmoja wao akamnong'oneza mwenzake.

Niliwaacha. Katika umri wangu huu nilikuwa sijawahi kusema kweli mbele ya watu watatu, na sasa najua kwa nini watu hawaisemi mara kwa mara; inachosha na hailipi. Lakini sikuongeza hata mche mmoja, na Esteri yuko nyuma ya pazia, najua alisikia.

Alasiri nikasimama kumwita, basi la mwisho la Kibondo lilikuwa linakaribia. Aliyetoka ni Mwanahawa, kifuko kimoja ameking'ang'ania mkononi, hajakiweka na wenzake.

"Shemeji, wewe nenda. Dada Esteri haondoki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka bibi harusi atoke. Mabinti wa nyumba hii ndio wanaolala naye, na mimi dada sina mwingine."

"Hakuja na nguo za kubadilisha," nikasema.

"Nguo zipo," akasema Mwanahawa, akarudi ndani.